Pimbi na Kibuyu cha Saba

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imevaa nini?
— Imevaa koti, inakwenda ng'ambo!
Imebeba nini?
— Tuambie wewe uliyeifungia mzigo!

Imebeba vibuyu saba vya asali. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, subiri kidogo, bado sijafika mahali pa kucheka.

Mwaka huo mafuriko yalishuka bondeni, waaa! Yakazoa mtama wote wa wanyama wadogo. Kindi akakosa, Kobe akakosa, Digidigi akakosa. Kilichobaki ni maua ya mlimani, na kwenye maua kulikuwa na nyuki, na aliyewajua nyuki vizuri kuliko wote alikuwa Pimbi. Mnamfahamu Pimbi: mdogo, mnene kidogo, hana mkia, anaishi kwenye mawe. Mikono yake ilikuwa imeumwa na nyuki mpaka ikazoea.

Basi akaja Korongo, ambaye kila mwaka huenda ng'ambo na kurudi. Akasema, "Jamani, kule kwenye baridi kuna maonyesho makubwa ya biashara. Kila nchi hupeleka kitu chake, hupewa banda, hukipanga mezani. Na yuko mzee mmoja, Dubu, ana maghala ya mtama, na anapenda asali kuliko anavyopenda usingizi. Akionja yenu akaipenda, mtama utakuja."

Wanyama wadogo wakafurahi. Wakakusanya asali yote, wakajaza vibuyu saba. Wakasema, "Pimbi aende."

"Pimbi?" Sauti ilitoka kichakani. Akatokea Nyegere. Makucha haya, meno haya, mgongo mweupe kama aliyemwagiwa unga. "Mtampeleka Pimbi akatutie aibu mbele ya mataifa? Nani hapa anaijua asali kuliko mimi?"

Kwa kweli hakuna aliyeijua kuliko yeye. Mizinga yote iliyowahi kuvunjwa mlimani aliivunja yeye. Lakini nani angemwambia?

"Basi mimi ndiye kiongozi wa msafara," Nyegere akasema. "Pimbi atabeba mzigo."

Wakapanda migongo ya Korongo na nduguye, puru! Wakaruka siku nyingi.

Mlangoni kwenye maonyesho alikaa Bibi Bata Bukini na miwani yake. Akauliza, "Nani mwenye banda na nani mgeni?"

"Mwenye banda ni mimi!" akasema Nyegere.

Bata Bukini akamvisha Nyegere utepe wa kijani shingoni, akamvisha Pimbi utepe mwekundu. Akasema, "Sikilizeni. Wa kijani ndiye mwenyeji wa banda. Ndiye anayekaribisha, ndiye anayepatana na wanunuzi. Wa mwekundu ni mgeni, anatembea anapotaka, na chai iko ukumbini kila asubuhi."

Pimbi hakupata nafasi ya kutembea. Alifagia banda, akafuta meza, akapanga vibuyu saba. Halafu akakaa chini, nyuma ya meza, maana kiti kilikuwa kimoja.

Akaja mgeni wa kwanza, Mbwamwitu. "Naomba kuonja."

"Ngoja!" akasema Nyegere. "Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu."

Desturi hiyo ni ya kweli, hata kwetu ipo. Nyegere akainua kibuyu. Gu-gu-gu-gu! Akajifuta mdomo. "Haina sumu. Karibu."

Mbwamwitu akakitikisa kibuyu. Kimya. Akaenda zake.

Akaja mgeni wa pili. "Naomba kuonja."

"Ngoja! Kwetu mwenyeji huonja kwanza." Gu-gu-gu-gu! "Haina sumu. Karibu."

Mgeni akakitikisa kibuyu. Kimya. Akaenda zake.

Siku ya kwanza vikaisha vitatu. Siku ya pili vikaisha vitatu. Na Nyegere hakuwa mnyonge wa maneno, kila mara alisimama juu ya kiti akawatangazia majirani wote wa mabanda, "Desturi ni desturi! Mwenyeji kwanza!"

"Mkuu," Pimbi akasema polepole, "Dubu bado hajaja. Kimebaki kimoja."

"Akija nitamwonjea."

Pimbi aliumia. Alikaa chini ya meza akakumbuka jinsi Kobe alivyopanda mlima siku mbili kuleta kibuyu chake, na Digidigi alivyokuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Wote walikuwa wanangoja wakiangalia juu. Machozi yakamlenga. Akawaza kumwambia Nyegere ukweli, akaona ukweli Nyegere anaujua vizuri tu. Akawaza kukificha kibuyu, lakini mahali pa kukificha palikuwa wapi, na pua ile? Akawaza hivyo mpaka akachoka. Ndipo alipoutazama utepe wake mwekundu, ambao tangu avishwe hakuwa ameufanyia kazi yoyote.

Asubuhi ya siku ya tatu, Nyegere alipokuwa bado anajinyoosha, Pimbi akaenda ukumbini. Akarudi taratibu, anajipangusa midomo, ana chembe za mkate kwenye ndevu.

Nyegere akanusa. Nusa, nusa. "Unanukia nini wewe?"

"Samaki, mkuu. Samaki wa moshi. Na siagi kidogo. Na mkate wa moto. Na kitu kingine kitamu, jina lake silijui, nilikula vinne."

"Nani kakupa?"

"Sikupewa na mtu, mkuu. Wakiuona tu utepe huu wanasema, karibu mgeni, kaa, kula."

Nyegere akautazama utepe wake wa kijani. Siku tatu umemning'inia na haujamletea hata mfupa. "Nipe huo wako!"

"Mkuu, nitavaa nini? Nitafukuzwa."

"Vaa huu. Kitambaa tu!"

"Lakini mkuu, wewe ndiye mwenyeji. Na asali je?"

"Asali itaningoja. Nani atathubutu kuonja kabla ya mwenyeji?"

"Hakuna, mkuu," akasema Pimbi. "Hilo umewafundisha wote."

Wakabadilishana. Nyegere akaondoka mbio, tifu tifu tifu, akapotelea ukumbini.

Hazikupita dakika nyingi, sakafu ikaanza kutikisika. Ndu! Ndu! Ndu! Dubu huyo. Akasimama mbele ya banda, akalifunika lote kwa kivuli chake.

"Nimesikia banda hili linagawa vibuyu vitupu," akasema.

"Hiki kina kitu, mzee," akasema Pimbi, akakishika kibuyu cha saba kwa mikono miwili. "Ila kwetu mwenyeji huonja kwanza."

"Hata hilo nimesikia."

Pimbi akachovya ncha ya kidole kidogo. Akalamba. Akampa.

Dubu akainua. Akaonja. Akakaa chini palepale sakafuni, akafumba macho. Pimbi akadhani ameugua.

"Mama yangu!" Dubu akasema baadaye, "haya ni maua gani?"

"Ni ya mlimani, mzee. Ni ya mahali mafuriko yaliposhindwa kufika. Kila kitu kingine kilikwenda na maji."

Dubu akakiinua tena kibuyu. Akanywa yote, akaingiza ulimi mpaka kwenye shingo ya kibuyu. Kisha akatoa karatasi ya mapatano, akagonga kiganja juu yake, pa! "Mtama wangu kwa asali yenu, kila mwaka. Mwenye utepe wa kijani naye agonge." Pimbi akagonga kiganja chake, pi!

Nyegere huyooo, tumbo mbele. Akaona Dubu analamba kibuyu. "Nani kaonja kwanza?" akanguruma.

"Mwenyeji," akasema Pimbi, akaonyesha utepe.

Majirani wote wa mabanda wakachungulia. Wakaitikia kwa pamoja, kama walivyofundishwa, "Desturi ni desturi! Mwenyeji kwanza!"

Nyegere akautazama utepe wake mwekundu. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Basi mimi ni mgeni. Nikaribishe!"

"Karibu sana, mkuu," akasema Pimbi. Akakipindua kibuyu juu yake. Wakangoja. Wakangoja. Likatoka tone moja, to! Likamwangukia puani. Sasa unaweza kucheka, wewe wa huko nyuma.

Mtama ulifika. Korongo waliubeba kwa safari kumi, na Digidigi akanenepa. Pimbi alipokelewa kwa vigelegele, wakamchagua mkuu wa asali yote ya mlimani. Aliomba kitu kimoja tu, abaki na utepe wa kijani. Wakasema, ni haki yake. Nami nasema ilikuwa haki yake.

Tangu hapo, kila mwaka kabla vibuyu havijaondoka, Pimbi huvaa utepe wake na kuonja kila kimoja, maana desturi ni desturi. Mwaka wa kwanza alichovya ncha ya kidole kidogo. Mwaka wa pili alichovya kidole kizima. Kindi aliona, akamtazama Kobe, Kobe akaingiza kichwa ndani. Mwaka huu nimesikia ameomba kijiko.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni rahisi: tamaa ni ugonjwa wa Nyegere peke yake. Sisi wengine tunaonja tu.

Hadithi imerudi safari, imevua koti!
— Litundikeni!
Vibuyu viliondoka saba!
— Vimefika vingapi?
Mimi sijui. Muulizeni mwenye utepe.