Nani Mwenye Makapi?

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu akae mlangoni kwanza apoe. Kisa hiki kinagombanisha watu. Niliwahi kukisimulia harusini, wakabishana hadi wali ukapoa.

Pale Singida, mji wa upepo na majabali, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Ntandu alikuwa na jicho. Mpiga picha huyu angepita mahali mnapopita kila siku, akasimama ghafla, akainua kamera, na mkija kuiona picha mnaulizana, "Hapa ni kwetu kweli?"

Mama Njiku alikuwa na mkono wa ungo. Wenzake walipopepeta uwele juu ya jabali, upepo uligeuka ukawafunika na makapi yao wenyewe. Yeye aliujua upepo kabla haujafika. Angetulia, ungo kiunoni, kisha angerusha juu: punje zirudi chini, makapi yaende zake.

Wa tatu, dada aitwaye Sikudhani, alikuwa na subira ya macho. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta katika studio ya Ntandu na kuzisafisha picha. Kipaji hiki kina balaa lake: akifanya kazi vizuri, hakuna anayejua kuwa amefanya kazi. Akikosea ndipo anaitwa.

Basi yakatangazwa mashindano ya picha ya mkoa. Mshindi angepewa kamera mpya, na picha yake ingetundikwa ukumbini, chini yake kadi yenye jina. Jina moja. Ntandu akashika njia hadi kwenye jabali la Mama Njiku.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha ukipepeta."

"Marahaba. Piga, ila ukae mbali na ungo wangu."

Ntandu akalala kifudifudi, kamera ikilielekea jua. Baada ya muda akataka lenzi nyingine. Hapa, wasikilizaji, nishikeni mkono nisije nikatukana. Mtu mzima, fundi anayeaminika, aliifungua kamera palepale katikati ya makapi yanayoruka! Sikudhani alikuwa amemwambia hadi amechoka: kamera haifunguliwi penye upepo, ukilazimika, basi ukinge kwa mgongo. Ntandu alikuwa akicheka tu. "Vumbi la Singida ni ndugu yangu," angesema. Siku ile ndugu yake akaingia ndani, akatulia juu ya kile kioo kidogo kinachopokea picha, na kila picha iliyofuata ikatoka na madoa.

Mama Njiku alipomaliza, Ntandu akamwomba arudie, kwa sababu jua lilikuwa halijashuka alivyotaka. Uwele uliokwisha kupepetwa hauna makapi tena, kwa hiyo mama akafungua gunia alilokuwa amelipangia kesho. Akasimama, ungo mkononi.

"Rusha, mama, jua linatupita!"

"Bado."

"Mama, tafadhali!"

"Nimesema bado."

Alipoona wakati umefika, akarusha. Makapi yakafunguka angani mbele ya jua, na Ntandu akabonyeza.

Studioni Sikudhani aliifungua picha hiyo, akashika kichwa. Mama alikuwa amependeza, ungo uko juu, lakini anga lote lilikuwa na vidoa. Vingine vilikuwa makapi na vingine vilikuwa vumbi la ndani ya kamera, na kwa macho ya haraka vyote vilifanana.

"Futa vyote," Ntandu alisema huku akitafuta funguo zake. "Nataka anga safi. Kesho ndiyo mwisho wa kuipeleka."

Sikudhani akafuta vyote. Kisha akaitazama, na moyo ukamsuta. Mama amerusha ungo na hakuna kinachoruka. Mwanamke mzima anapepeta hewa! Akavirudisha vidoa vyote, akaanza upya kwa njia yake.

Alizipanga picha za siku ile kwa mfuatano, akawa analinganisha. Vumbi lililonasa ndani ya kamera halihami. Kila picha utalikuta pembe ileile, limekaa kama mpangaji sugu. Makapi huruka, na hayarudii mahali. Basi akaenda kidoa kwa kidoa: hiki kimekaa, kifutwe, hiki kinaruka, kiachwe. Pengine vumbi lilikuwa limelalia kapi, naye akaondoa doa taratibu na kuibakiza ile chembe chini yake. Macho yalimtoka machozi kwa kukodoa.

Picha ikashinda.

Siku ya zawadi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa majaji alisimama mbele ya picha, kadi tupu mkononi na kalamu sikioni. "Kilichotuteka ni haya makapi," alisema. "Kila chembe inang'aa peke yake, na anga ni safi kama limeoshwa. Bwana Ntandu, umefanyaje?"

Ntandu akashika kipaza sauti. "Picha hii haijaguswa," akasema. "Ilivyotoka kwenye kamera ndivyo mnavyoiona."

Haijaguswa! Sikudhani alihisi damu inampanda kichwani. Kutotajwa alikwisha kuzoea. Lakini kuambiwa mbele ya watu kwamba mkono wake haukuwapo kabisa, hilo lilimchoma. Akasimama.

"Ntandu, lirudie neno hilo ukinitazama."

"Sikudhani, tutaongea ofisini."

"Ofisini uliniambia nifute vyote! Ningekutii, leo hawa wangekuwa wanatazama mwanamke anayepepeta hewa. Makapi wanayoyasifu niliyaacha mimi!"

Ntandu naye akafura. "Uliyaacha, hukuyaweka. Kufuta kosa si kupiga picha. Nisingelala kwenye lile jabali, ungefuta vidoa vya nini? Vya ukutani? Jicho ni langu."

"Na vumbi ni la nani?"

"Langu pia!" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sawa, imeguswa. Neno lile nimekosea, naliondoa. Lakini jina langu siliondoi."

Hapo Mama Njiku, aliyeketishwa mbele na kitenge chake kizuri, akainuka.

"Mmenichosha. Mnagombania makapi yangu kama kuku! Gunia la kesho nililifungua siku ileile kwa ajili yenu. Upepo niliusubiri mimi. Ningemsikiliza huyu, makapi yote yangemwingia machoni. Mmechukua sura yangu, mmechukua jasho langu, halafu mmeibandika picha maneno 'Mwanamke Akipepeta'. Mwanamke gani? Sina jina mimi?"

Mwenyekiti akajaribu kuwapatanisha, wakakataa wote. Akawauliza majaji wenzake, nao wakagawanyika, kila mmoja na mtu wake. Kamera haikatwi vipande kama mkate, na kadi ile ina mstari mmoja.

"Dada," mwenyekiti akamwambia Sikudhani, "basi tuonyeshe ulipogusa, tuone kazi yako."

Sikudhani akaisogelea picha. Akatafuta juu, akatafuta pembeni, akatafuta penye yale makapi yaliyokuwa yamelaliwa na vumbi. Hapakuwa na alama hata moja. Alikuwa ameifanya kazi vizuri mno. Akasimama pale, kidole hewani.

Wasikilizaji wangu, mwenyekiti amechoka. Ameshuka jukwaani, amepita katikati ya viti, na kalamu anakunyooshea wewe. Makapi yale mmoja aliyarusha, mmoja akayanasa, mmoja akayaacha. Angekosekana yeyote kati yao, pale ukutani pangekuwa na msumari mtupu. Wote watatu wanakutazama, na hakuna hata mmoja aliyekaa.

Haya, ishike. Utaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?