Chekeche na Kesi ya Chumvi

Maandazi ya Bi Tunu yalitoka na chumvi tupu. Roboti mgeni, aliyesema ametoka kiwandani jana, akamnyooshea kidole Kijungu, roboti wa kukanda unga.

"Ni yeye! Nilimwona akimwaga chumvi kwenye sukari!"

"Basi leo anayeyushwa awe sufuria!" alifoka Bi Tunu.

Kijungu alitetemeka hadi skrubu zikadondoka. Rafiki yake Chekeche, roboti mdogo wa kuchekecha unga, akasogea.

"Sawa, bosi. Ila kwanza niwasalimie wenzangu, tuagane naye kwa heshima."

"Fanya haraka!"

Chekeche akapita kwa kila roboti, akiinama. "Shikamoo." Kimya. "Shikamoo." Kimya. Akamfikia mgeni. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Chekeche akamgeukia Bi Tunu. "Bosi, sisi hakuna aliyetimiza hata mwaka, ndiyo maana hakuna aliyeitikia. Huyu wa jana ameupata wapi utu uzima?"

Bi Tunu akamvua mgeni kichwa, kumbe kilikuwa ndoo tu. Akatokea Mzee Sengo, mwuza maandazi wa mtaa wa pili, jasho likimtiririka, pakiti ya chumvi kwapani.

"Shikamoo, mzee," alisema Kijungu.

"Marahaba," akaitikia, kisha akatimua mbio.