Kivumbasi cha Bi Mashavu

Paukwa!
– Pakawa!
Palikuwa na shamba la maboga.
– Likawaje?
Tulieni basi, mtasikia.

Hapo zamani, wadudu walipokuwa bado wanasema, aliishi mjane mmoja, Bi Mashavu. Mumewe Vuai alimwachia shamba la maboga na mzinga wa nyuki. Siku ya kufa alimwambia, "Mashavu, nyuki wangu hawa, kaa nao kwa wema." Naye akaahidi.

Mwaka huo vidudu vyekundu viliyavamia maboga, vikatafuna majani yakabaki matundu matupu. Bi Mashavu hakukaa akalia. Alichuma kivumbasi, ule mmea wa harufu kali unaofukuza wadudu, akakichemsha chunguni, akaukinga mvuke ukageuka maji, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Akayachanganya na maji ya sabuni, akanyunyiza asubuhi. Vidudu vilikimbia hata kuaga havikuaga.

Nyuki mmoja akamjia. "Mama, dawa yako nzuri. Lakini asubuhi maua yako wazi, nasi tumo ndani. Nyunyiza jioni, yakishafumba."

Bi Mashavu akasema jioni ana kazi ya kupika.

Asubuhi ya pili akazidisha mafuta. Nyuki akaja, mabawa yamelowa, akaomba vilevile.

"Mdudu ni mdudu tu," akajibiwa.

Asubuhi ya tatu akazidisha tena, harufu ikafika mpaka kisimani. Nyuki hakuja. Bi Mashavu akafurahi kwamba leo hakuna wa kumsumbua. Maskini, hakujua anafurahia nini.

Majani yakapona, yakanawiri. Lakini maua yakafunguka, yakanyauka, yakaanguka. Hata boga moja halikushika. Ndipo akakumbuka kwamba bila nyuki boga halishiki, akaukimbilia mzinga. Akawaita, kimya. Akawaita, kimya. Akawaita, kimya. Akaufunua: masega makavu, na nyuki wachache wamekufa mlangoni, wananukia kivumbasi.

Akakaa chini, akalia sana. "Vuai, nilikuahidi. Nimewamaliza kwa uvivu wangu mwenyewe."

Tangu hapo akawa ananyunyiza jioni, matone machache, kwa uangalifu wote. Na kila mwaka aliusafisha mzinga, akaupaka nta, akangoja. Hakuingia hata nyuki mmoja, mpaka naye akazikwa kando ya Vuai.

Basi wanangu, dawa nzuri nayo ina wakati wake. Mwenzio akikuomba mara ya kwanza, msikie, kwani mara ya tatu huenda hayupo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyo tamu nendeni nayo nyumbani. Iliyo chungu niachieni mimi bibi yenu, ingawa meno ya kuitafunia sina.