Kwa Nini Wafagiaji wa Fuvuni Hukunja Mikono

Sogeeni, na anayekuna kichwa akune taratibu, maana tunaowasema wamo humo humo.

Zamani, kabla fuvu halijawahi kugongwa, mji wa Fuvuni ulikuwa na desturi moja kuu: hodi haikataliwi. Seli ya habari iliyotaka kumpasha jirani neno ilimdondoshea tone moja la kichocheo mlangoni. Tone lilipiga hodi, mlango ukafunguka, habari ikaingia pamoja na chokaa kidogo, ambayo ikizidi ni sumu, mlango ukafungwa. Bi Nyota, mwenye pembe nyingi, alipangusa tone lililobaki. Bi Mize mfagiaji alipapasa vichochoro kwa mikono yake mirefu ishirini na saba, aliyoionea fahari kuliko bi harusi na hina yake.

Mwenye kichwa alikuwa Mzee Faki, seremala mrefu aliyejijengea mlango mfupi. Asubuhi moja alitoka mbio kumuwahi muuza maandazi, akaigonga boriti ya mlango. Fuvuni kukatetemeka. Seli moja ikapasuka, na kichocheo chake chote kikamwagika barazani kwa Vuai, seli ya jirani.

Kila tone likapiga hodi.

"Karibu!" Vuai akaitika. "Karibu! Nawe karibu! Karibuni nyote!"

"Vuai mwanangu, funga mlango!" Bi Mize akapiga kelele. "Chokaa imekufika magotini!"

"Bi Mize, mama hakunilea hivyo. Karibu!"

Bi Nyota alipangusa na kupangusa hadi akavimba kama andazi. "Nimejaa, shoga! Nenda wewe!"

Bi Mize akaenda, lakini mikono ikanasa kichochoroni, sita huku, tisa kule. Ndipo akafanya jambo ambalo mfagiaji hakuwahi kulifanya. Aliikunja yote, akawa wa mviringo kama kalimati, akabingirika. Alimkuta Vuai na chokaa kooni, anaitika kwa kunong'ona, "Kari..." Akafa na adabu zake.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Kazija, seli iliyolitunza jina la mke wa Mzee Faki. Lingepotea hilo, kichwa kisingesalimika hata nyumbani kwake. Bi Mize akammeza marehemu na vifusi vyake vyote, maana ndivyo wafagiaji wanavyozika. Bi Nyota akasuka pembe zake na za dada zake zikawa ua wa kuzuia matone. Kazija akanusurika nyuma ya ua huo, akinung'unika kwamba wageni wamezuiwa.

"Marehemu alikuwa na kazi gani?" Bi Nyota akauliza.

"Alikuwa akimkumbusha mzee kuinama mlangoni," Kazija akajibu.

Bi Mize alikuwa ameanza kuunyoosha mkono wa kwanza. Akaurudisha ndani.

Na tangu siku hiyo, kichwa kikiumia, wafagiaji hukunja mikono na kubingirika, wenye pembe husuka ua, na kovu hubaki palipokuwa na ua huo. Seli za habari hadi leo haziwezi kukataa hodi. Nao wafagiaji hukawia sana kunyoosha mikono, hata kidonda kikishapona. Wanamjua mwenye kichwa.