Kibanda Kisicho na Mlango

Wajukuu, nina kisa.

"Kilete, bibi."

Nikilete kizima au nusu?

"Kizima, bibi, usiache hata mkia."

Basi sogeeni. Nawe Kiure, toa kidole puani, kisa hakiingilii huko.

Zamani, zamani sana, kikohozi kilipanda milima hii pamoja na wachuuzi wa chumvi. Kikaingia nyumba hii, kikaingia nyumba ile. Mzee Mrutu, mkuu wa kijiji, akatoa amri: "Tangu leo neno 'karibu' limekufa. Mtu akipiga hodi, nyamazeni." Msiicheke amri hiyo. Kikohozi kilipungua.

Lakini mimba haisikii amri, wajukuu. Mimba inakua tu. Wanawake wakashikwa na uchungu nyuma ya milango iliyofungwa. Mkunga Nanzia akaenda.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, mwanangu."

Kimya. Na mkunga wa zamani haingii nyumba asipokaribishwa. Aliamini angemletea mtoto mkosi. Watoto wakazaliwa kabla ya wakati wao, wengine wakazaliwa kimya. Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa; dada yake alikufa hivyo, pamoja na mtoto wake, mkunga amesimama nje.

Nakijwa naye alikuwa mjamzito. Alimlilia dada yake, kisha akafuta machozi, akachukua panga. Akasimika miti shambani, akaezeka majani ya migomba. Ukuta hakuweka. Mlango hakuweka.

Mzee Mrutu akamwona kwa mbali. "Nakijwa, unajenga zizi?"

"Najenga pa kuzalia, baba."

"Amri umeisahau?"

"Sijaisahau. Hapa hakuna mlango, baba. Pasipo mlango nani atapiga hodi? Na pasipo hodi, karibu ya nini?"

"Wewe mtoto una maneno."

"Nina mtoto, baba. Maneno ni yake."

Uchungu ukaja mapema, kama kwa wengine. Nanzia akafika, amefunga kitambaa mdomoni, ameosha mikono kwa maji moto na majivu. Hakupiga hodi. Upepo uliingia huku, ukatokea kule.

"Sukuma, mama."

"Si nasukuma?"

"Unasukuma maneno. Sukuma mtoto."

Akatoka msichana mdogo kama kiazi. Hakulia. Nanzia akamfuta, akamsugua mgongo. Kimya, wajukuu. Kimya kile kile.

"Nipe," akasema Nakijwa. Akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akamsugua bila kuacha, akamnong'oneza lile neno lililokufa: "Karibu. Karibu, mwanangu."

Mtoto akalia.

Mzee Mrutu alikuwa kule ng'ambo ya shamba. Neno alilisikia, na kilio alikisikia. Asubuhi yake alionekana akikata miti ya kibanda cha pili.

Basi, wajukuu, ugonjwa ukija fungeni milango, msibishane. Lakini kwanza ulizeni nani ana mimba, na mkunga wake atapita wapi.

Kisa nimekitua. Aliyekuwa macho akibebe, aliyesinzia aombe kwa mwenzake.