Majiko ya Bustanini

Hadithi hii imenifikia asubuhi, nikajaribu kukaa nayo kimya nikashindwa. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yule jamaa yako anayependa kusema, "Ah, fulani anaishi mtaa wa matajiri, huyo ana shida gani?"

Palikuwa na mfalme aliyependa orodha. Wafalme wengine hupenda farasi, wengine hupenda kuoa; huyu alipenda orodha. Kila mwaka aliamuru vitongoji vyote thelathini vya nchi yake vipangwe kwa kipato, kuanzia kile cha wenye nacho mpaka kile cha hohehahe, na orodha isomwe hadharani ngoma zikipigwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Karani Mbaruku. Alikuwa mtu mnyofu, hali rushwa, na hakuna aliyewahi kumkuta na tarakimu ya uongo. Alihesabu kama walivyohesabu waliomtangulia, yaani kwa jiko. Katika nchi ile, wote waliopikia jiko moja walikuwa kaya moja. Karani alifika mlangoni, akauliza majiko ni mangapi, akaandika mapato ya wote wanaopikia hapo, akaenda zake. Akimaliza kitongoji kizima, alijumlisha mapato yote na kuyagawa kwa idadi ya majiko. Kazi imekwisha.

Sasa, pembezoni mwa mji mkuu palikuwa na kitongoji kipya kinaitwa Bustanini. Nyumba za vigae, ua wa michongoma uliokatwa ukakatika, barabara pana. Mbaruku alikipenda kitongoji hicho kuliko vyote, na sababu haikuwa michongoma. Binti yake wa pekee, Tausi, alikuwa ameolewa na seremala mmoja jina lake Kombo, na wawili hao walikuwa wamehamia huko. Kila mtu aliyekaa na Mbaruku kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa alikuwa ameshaambiwa hivyo.

Lakini nyumba yenyewe hakuwa ameingia. Kwao ilikuwa mwiko baba kula wala kulala kwa mkwewe kabla mjukuu wa kwanza hajazaliwa, na Mbaruku, mtu wa heshima zake, aliona bora asivuke hata kizingiti. Kwa hiyo siku ya kuhesabu alisimama getini, akamuuliza mwanamke aliyekuwa akifagia uani.

"Majiko mangapi humu?"

"Moja tu."

"Na wanaopata mshahara?"

"Tisa." Akamtajia: seremala, mwalimu, walinzi wawili, dereva, mshonaji, na wengine.

Mbaruku akaandika huku kifua kimemjaa. Mishahara tisa kwenye jiko moja! Kumbe mwanawe ameolewa kwa watu wenye nafasi, na yeye hakuambiwa. Hakuuliza zaidi. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika zaidi.

Mwaka huo Bustanini ikatoka ya kwanza. Ya mwisho ikawa Ng'ambo, kule upande wa pili wa mto, nusu siku kwa miguu, kwenye vijumba vya makuti na vikongwe wanaoishi mmoja mmoja, kila mtu na jiko lake.

Siku ya kusoma orodha, watu wa Bustanini walicheza mpaka vumbi likapanda. Ngoma ziliponyamaza mfalme akasimama.

"Mwenye nacho hahitaji changu," alisema. "Zahanati ya Bustanini ifungwe. Mkunga na dawa zake wahamie Ng'ambo Jumamosi ijayo."

Makofi yakapigwa. Baadhi ya watu wa Bustanini waliendelea kucheza, hawakuwa wamesikia. Mbaruku naye aliahidiwa joho la Karani Mkuu, akapewa mkono na mfalme mwenyewe.

Basi mtu angetulia hapo. Yeye alishindwa. Alikaa kula, akainuka. Akaenda barazani, akarudi ndani. Alizipitia hesabu zake mara tatu akitafuta kosa, asilione, na kila mara mawazo yakamrudia mwanawe. Tausi alikuwa na mimba ya miezi minane na siku kadhaa.

Jumanne akatumwa kubandika lakiri ya mfalme, muhuri wake wa nta, kwenye mlango wa zahanati. Alimkuta mkunga, Bi Mize, akifunga chupa kwenye vitambaa na kuzipanga kwenye mkokoteni. Bi Mize ndiye aliyempokea hata Tausi mwenyewe alipozaliwa, kwa hiyo Mbaruku hakuwa na ukarani wowote mbele yake.

"Hongera mwanangu," alisema Bi Mize bila kuinua kichwa. "Umetufanya matajiri."

"Si mimi, Bi Mize. Hesabu ndiyo iliyosema."

"Na hesabu imekwambia Tausi atajifungulia wapi?"

"Mkwe wangu ana uwezo. Atamwita mkunga nyumbani."

Bi Mize akaacha kufunga chupa. "Mbaruku, unajua mwanao analala wapi?"

"Nyumba ya vigae, ya tatu kutoka kisimani."

"Nenda ukaone."

"Mila hainiruhusu."

"Mila imekataza kula na kulala. Macho haikuyataja."

Akaenda. Alipita geti, akapita michongoma, akaingia ndani akakuta ukumbi mrefu wenye mapazia tisa, na nyuma ya kila pazia familia. Uani kulikuwa na jiko moja, na mbele yake wanawake wamepanga foleni na sufuria zao. Wa sita kwenye foleni alikuwa Tausi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kiunoni.

"Baba? Umeingiaje humu?"

"Kwa miguu," alijibu Mbaruku.

Chumba chao zamani kilikuwa stoo. Kitanda kilijaa chumba, na nguo za mtoto zilining'inia kwenye msumari juu ya mbao za Kombo.

"Mbona mnapikia jiko moja watu wote hawa?"

"Mwenye nyumba anatoza kodi kwa jiko, baba. Kila familia ikiwa na lake hakuna atakayeweza."

"Si mhame basi."

"Tuhamie wapi? Ng'ambo vyumba ni rahisi, lakini kule nani atamwagiza Kombo milango? Kazi ziko huku. Na mshahara ukiingia, kodi inakula nusu, maji ya kisima nayo ya kununua yanakula, kinachobaki ndicho hicho kimo kwenye sufuria."

"Wanaokula humu ndani ni wangapi?"

"Thelathini na wanane."

Mbaruku akakaa kitandani, akasimama tena. "Mama yako anajua?"

"Anajua. Nilimwomba asikwambie. Ulivyokuwa unatamba barazani kwamba mwanao yuko Bustanini, niliona haya."

Maneno hayo yalimchoma, na hakujaribu kuficha. Alitoka akiwa na machozi. Njiani akakumbuka kwamba kule Ng'ambo, ambako orodha yake ilisema watu wako hoi kabisa, alikirimiwa kuku mara mbili kwa siku moja. Mihogo shambani, mbuzi kwenye zizi, maji ya mto bure. Hakuviandika, kwa kuwa vikongwe wale hawakuviuza.

Alikwenda moja kwa moja kwa mfalme, jasho linamtiririka.

"Ulikosea kuhesabu?" aliuliza mfalme.

"Hapana, mfalme wangu. Kila tarakimu ni ya kweli."

"Sasa unataka nini?"

"Orodha ifutwe."

"Orodha imesomwa mbele za watu. Nikiifuta kwa sababu ya binti wa karani, kesho nitaifuta kwa sababu ya mjomba wa nani?" Mfalme akafikiri. "Nakupa mpaka Ijumaa. Kahesabu Bustanini upya, kwa utaratibu ule ule, kwa jiko. Ukija na jibu jingine nitakusikiliza. Ukija na lile lile, joho usahau, na ukarani pia."

Utaratibu ule ule utaletaje jibu jingine? Jumatano nzima Mbaruku alizunguka Bustanini kama mtu aliyedondosha kitu. Alhamisi aliwakuta wanawake wawili wakigombana kwenye foleni ya jiko, maharage ya mmoja yamechelewesha ugali wa mwingine. Mmoja wao, kwa hasira, akachukua sufuria yake, akatoka nayo nje ya geti, akaweka mawe matatu kando ya barabara na kuwasha moto wake mwenyewe.

Mbaruku alimtazama mpaka maji yakachemka. Kisha akakimbia kwa Bi Mize.

Jioni ile wawili hao walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu hivi: Kesho asubuhi kila familia iweke mafiga yake nje ya ua, kando ya barabara. Barabara ni ya mfalme, haina mwenye nyumba, haina kodi. Mpike uji tu, mtu anywe, basi.

Mnadhani wote walikubali? Sheha wa Bustanini alikuja juu. "Karani, unataka kutushusha? Tumeshachonga kibao: Bustanini, ya Kwanza. Tumeshakipaka na rangi!"

Kuna waliomuunga mkono, tena wale wale wanaolala sita chumba kimoja. Heshima nayo ni kitu. Ilibidi mama mmoja mwenye mimba asogee mbele na kumwambia, "Sheha, kibao chako kitanizalisha?" Sheha akaenda kutafuta mafiga yake.

Ijumaa asubuhi mfalme alitazama dirishani akaona moshi umeziba upande mzima wa Bustanini. Akadhani kitongoji kinaungua. Akatoka mbio na walinzi na mapipa ya maji, kilemba hakijafungwa vizuri. Alipofika akakuta wanawake wamekaa pande zote mbili za barabara, mamia kwa mamia, wanakoroga uji. Mbaruku alisimama katikati na karatasi yake.

"Majiko mangapi?" aliuliza mfalme, akihema.

"Tulipohesabu mara ya kwanza yalikuwa mia nne. Leo ni elfu moja na mia tisa."

"Na mapato?"

"Yale yale. Hayakuzidi wala kupungua hata senti."

"Kwa hiyo Bustanini sasa ni ya ngapi?"

"Ya ishirini na tisa."

Mfalme akatazama huku na huku. "Kitongoji changu cha kwanza kimefilisika ndani ya wiki moja?"

"Hakuna aliyefilisika, mfalme wangu. Walikuwa hivi hivi siku ile tulipowapigia ngoma."

"Basi hii ya leo ndiyo orodha ya kweli. Isomwe."

Mbaruku alikuwa anafungua kinywa kusema hapana, hata hii nayo haitoshi, pale sufuria ilipoanguka nyuma yake. Tausi alikuwa ameshika michongoma kwa mikono miwili, uji umemwagika miguuni. Uchungu ulikuwa umemjia.

"Mpelekeni zahanati," alisema mfalme.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema mpelekeni zahanati! Mnangoja nini?"

Bi Mize akainama kwa adabu, akanyoosha mkono. "Ipi, mfalme wangu?"

Mfalme akageuka akaufuata mkono wake, akauona mlango, na juu ya mlango akaiona lakiri yake mwenyewe, nyekundu, bado mpya. Chupa za dawa zilikuwa juu ya mkokoteni zimefungwa kwa kamba, tayari kwa safari ya kesho. Alikwenda mlangoni akaibandua lakiri kwa kucha zake, vipande vikamganda vidoleni, kisha akaenda kushusha chupa pamoja na walinzi.

Saa tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Mbaruku alitembea kutoka ukuta wa zahanati mpaka kisimani, kisimani mpaka ukutani. Mfalme alikaa kizingitini. Kukaa kimya kulimshinda, akauliza, "Karani, wakija wageni wakaniuliza Bustanini ni ya ngapi, niwajibu nini?"

Mbaruku hakusimama. "Mfalme wangu, nisamehe. Sasa hivi siwezi kuhesabu."

Adhuhuri mtoto akalia. Mama na mwana wote salama. Mbaruku alilia kwa sauti mbele ya mfalme wala hakujali.

Zahanati haikuhama. Joho la Karani Mkuu alipewa mwingine, kwa sababu mfalme, pamoja na yote, hakupenda kukimbizwa asubuhi na moshi wa uji. Lakini alimwacha Mbaruku kwenye ukarani, akamtuma Ng'ambo na karatasi tupu, isiyo na mistari, akawaulize vikongwe wale kinachowasumbua hasa.

Bibi mmoja alimsikiliza, akacheka kidogo. "Wewe ni wa kwanza kuuliza," alisema. "Zahanati si tuliambiwa iko Bustanini, tena nzuri? Sisi tulikuwa tunaomba daraja, mwanangu, tuvuke twende tukatibiwe."

Funzo: Usiuamini utajiri wa mtaa kwa nafasi yake kwenye orodha; kabla ya kusema watu wana kiasi gani, uliza wanaokigawana ni wangapi, kinachobaki ni nini, na wao wenyewe wanasema wamekosa nini.