Uvundo wa Mashine ya Bi Mgeni

Uvundo haufukizwi, hufukuliwa.

Methali hii mmeisikia leo kikaoni, yule mama alipowakatiza ndugu wawili waliokuwa wakiombana radhi kwa maneno matamu huku wameumana meno. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Imetoka jikoni, hapa hapa Makorora, na ilivyozaliwa ni hivi.

Bi Mgeni alikuwa akiishi na mkaza mwanawe, Raya. Mume wa Raya, Shaame, alikuwa baharia wa meli za mizigo, nyumbani haonekani ila kwa nadra. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na adabu ilikuwamo mpaka ikazidi. Raya alilelewa akiambiwa kwamba mkwe hafundishwi, mkwe hakosolewi, mkwe akikosea unatazama pembeni. Na Raya alijua kutazama pembeni.

Siku moja Salha, binti wa Bi Mgeni anayekaa Maskati, akawaletea mashine ya kuoshea vyombo. Raya ndiye aliyeiomba. Fundi bomba akaiunga na maji, akaonyesha pa kubonyeza, akaenda zake. Majirani wakaja kuitazama inavyonguruma. Bi Mgeni akasema ahsante, lakini ahsante yenyewe ilitoka puani.

Tangu hapo akawa anaingiza vyombo mashineni kama vilivyotoka mkekani. Sahani na wali wake, bakuli na miba yake, chujio la nazi na machicha yake.

"Si wamesema inaosha?" alikuwa akisema. "Basi na ioshe."

Raya aliona. Akatazama pembeni.

Haikuchukua muda mashine ikaanza kunuka. Mwanzo ilinuka kama tambara bichi lililosahauliwa kwenye ndoo. Baadaye ukifungua mlango wake, unakutana na shombo la soko la samaki lililofungwa. Bilauri nazo zikashika harufu, maji hayanyweki. Raya akaweka maganda ya malimau, akaweka karafuu, akafukiza udi asubuhi na jioni. Udi ukichanganyika na shombo lile, afadhali shombo peke yake.

Bi Mgeni akaacha kunywa kwa bilauri, akatafuta kopo lake la zamani. Akawa anazungumza na Bi Time, jirani, juu ya ukuta wa uani.

"Enzi za mikono yangu jiko hili halikunuka," akasema. "Vijana wa siku hizi, mwenzangu, wanataka kuolewa, kuosha hawataki."

Raya alikuwa akianika nguo upande wa pili. Akamaliza kuanika, akaingia ndani, akafukiza tena.

Ikakaribia hitima ya marehemu mume wa Bi Mgeni, ambayo mtaa mzima huja kula. Shaame naye alikuwa njiani kurudi nyumbani. Asubuhi moja, wakichagua mchele, Bi Mgeni akasema bila kuinua uso, "Shaame akifika nina neno naye. Mimi siwezi kuzeekea katika nyumba inayonuka."

Raya akaendelea kuchagua mchele. Alijua neno la mama lilivyo zito kwa Shaame. Usiku ule alianza kukunja kanga zake, akawa analia kimya kimya kama mtu mwenye mafua.

Asubuhi, siku moja kabla ya hitima, akaingia jikoni akakuta moshi. Bi Mgeni alikuwa ameweka chetezo ndani ya mashine, makaa na udi, akaufunga mlango.

"Mama! Chetezo ndani ya mashine?"

"Nguo tunazifukiza, nywele tunazifukiza. Hii ina nini?"

Raya akaufungua mlango. Kaa moja lilikuwa limedondoka, limeangukia chini kabisa, linaunguza plastiki. Akavuta kichanja cha chini, akatia koleo, akalitoa. Pale chini lilipoangukia akaona kitu kama kikombe chenye matundu. Akakishika, akakizungusha. Kikachomoka kama jino bovu.

Wote wawili wakarudi nyuma.

Ndani mlikuwa na machicha yaliyogeuka rangi ya majivu, miba, mbegu za pilipili na kokwa za ukwaju, vimeshikana kwa ute mweusi. Bi Mgeni akaziba pua kwa pindo la kanga.

"Nini hicho?"

Raya alikuwa na uongo mzuri tayari ulimini, wa kusingizia bomba la taka. Akaumeza.

"Ni makombo, mama. Makombo tunayoingiza na vyombo."

"Tunayoingiza nani na nani?"

"Unayoingiza wewe. Mimi naona, nanyamaza."

"Unaona, unanyamaza! Na mimi nimeshinda nakusema kwa Bi Time!"

"Nasikia, mama. Ukuta wenyewe mfupi."

Bi Mgeni akatafuta mbuzi ya nazi, akaikalia.

"Haya. Kama ni kufukua, basi na langu nilitoe," akasema. "Uliomba mashine kwa sababu naosha vibaya. Vyombo vya harusi za mtaa huu vimepita mikononi mwangu tangu sijaolewa. Wewe umekuja juzi, ukaninyang'anya sahani."

Raya akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Sahani zilikuwa zinabaki na mafuta, mama. Macho yako yamechoka. Na vidole vyako vimepasuka kwa sabuni, nilikuwa nakuona unavyouma pindo la kanga ukivitia majini. Nilitaka upumzike. Yote mawili ni kweli, na nilitakiwa nikwambie wewe kabla ya kumwambia Salha."

"Mafuta kweli?"

"Kweli."

"Hata zile za Idi?"

"Hata za Idi."

Bi Mgeni akaangua kicheko mpaka machozi. "Na masheikh wakala wakashukuru!"

Wakafunga vibwebwe, yale makombo wakayafukia shimoni uani. Raya akakisugua kile kikombe chenye matundu, kumbe ndicho chujio la mashine, kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto. Bi Mgeni akapitisha kitambaa katika mikunjo ya mpira wa mlango, kikatoka cheusi tititi. Wakaweka bakuli la siki kwenye kichanja cha juu, wakaiendesha mashine tupu kwa maji ya moto, kisha wakauacha mlango wazi ikauke. Alama ya lile kaa ipo mpaka leo.

Siku ya hitima watu wakala, wakanywa. Shaame akamvuta mama yake kando.

"Mama, uliniambia kwenye simu una neno na mimi."

"Nilikuwa nalo. Tumelifukia shimoni pamoja na machicha. Nenda kamsaidie mkeo, sahani zikwanguliwe kabla hazijaingia mashineni."

Bi Time naye, aliyefika na pua yake tayari, akazunguka jikoni ananusa kila pembe.

"Bi Mgeni, mbona leo hakunuki? Mmefukiza udi wa wapi, nami niagize?"

Bi Mgeni akamwangalia Raya aliyekuwa akikwangua sinia, akajibu:

"Uvundo haufukizwi, mwenzangu. Hufukuliwa."